Dakika ya Mia na Thelathini na Nne

Mama alikuwa ameuona mwanzo wa ule mkanda mara kumi na saba, na hesabu hiyo hakumficha mtu.

"Mara kumi na saba naliona tumbo la baba yenu likisogelea kamera," alimlalamikia binti yake Jumapili hiyo mchana, simu mkononi, miwani puani. "Mara kumi na saba namsikia akisema moja, mbili, moja, mbili. Mtu akinipigia simu, inaanza upya. Nikienda kugeuza mboga, inaanza upya. Nikiburuta kwa kidole isogee mbele, inanirudisha kwenye tumbo. Hiyo mashine yako, Fundi, ina kichwa kigumu kukushinda wewe."

Fundi lilikuwa jina alilopewa na kaka yake. Akiwa na miaka sita aliifungua redio ya nyumbani yote, akaifunga, zikabaki skrubu tatu hazina pa kwenda. Redio iliendelea kuongea, na jina likamganda. Sasa alikuwa na miaka ishirini na saba na kibanda chake cha kutengeneza simu na kompyuta, na skrubu bado zilikuwa zinabaki.

Mashine iliyokuwa inatukanwa ilikaa stoo, juu ya rafu, kati ya pasi mbovu na ndoo za rangi. Ilikuwa kompyuta kuukuu iliyotelekezwa kibandani na mteja, naye Fundi akaigeuza seva ya nyumbani. Ndani yake alizihamishia video zote za marehemu baba yake, mikanda arobaini na mitatu, na yeyote mwenye anwani na neno la siri aliweza kuzitazama kwa simu yake, awe sebuleni au upande wa pili wa nchi. Neno la siri alilitoa kwa watu wawili tu. Mmoja ni Mama. Wa pili, Mama hakujua ni nani, na kama angejua, mashine ingetupwa nje siku hiyohiyo.

Baba alikuwa mpiga video wa sherehe. Miaka thelathini alipiga harusi za watu, mahafali ya watu, ndugu wa watu wakigombania maikrofoni. Yeye mwenyewe haonekani popote. Mganga hajigangi, na mpiga picha hajipigi. Katika mikanda yote arobaini na mitatu, ni mmoja tu aliomo mwenyewe, akitembea na kucheka kama binadamu wa kawaida. Ndiyo maana Mama, tangu afiwe mwaka uliopita, hakuutaka mwingine.

Ule mmoja ulitokana na ubovu wa kamera. Kamera ya Baba ilikuwa na ugonjwa: ukiizima katikati, inatafuna mkanda. Dawa aliyoigundua ni kutoizima. "Mkanda ukiingia haukatwi," alikuwa akisema, na kweli, ukiingia uliachwa uzunguke saa zake tatu mpaka wenyewe ukome. Majirani walimcheka kwamba ana picha nyingi za viti kuliko za watu. Basi siku ya sherehe ya nyumbani kwake aliisimamisha kamera kwenye miguu yake mitatu, pembeni mwa sebule, ikiangalia meza na kabati la vyombo, akaiwasha, akaenda zake kuwa baba wa watoto.

Sherehe ilikuwa ya mtoto wao wa mwisho, aliyekuwa anatimiza mwaka mmoja. Walimwita Kijino kwa sababu alikuwa na jino moja tu na alilionyesha kwa kila mtu. Siku hiyohiyo, kabla keki haijakatwa, Kijino alikunywa mafuta ya taa. Jua lilipozama hawakuwa naye tena.

Mafuta yalinunuliwa na Kaka. Alikuwa na miaka kumi na minne, alitumwa dukani, akapimiwa kwenye chupa ya soda kama wanavyopimiwa wote. Chupa ilikutwa sakafuni, kando ya kreti la soda za wageni. Kaka aliulizwa aliiweka wapi, akasema juu ya kabati, nyuma ya sufuria kubwa. Aliulizwa tena kesho yake, akasema juu ya kabati. Siku ya tatu, baada ya maziko, Mama alipomuuliza mbele ya watu, aliinamisha kichwa akasema, "Labda nilisahau, mama." Njia ya mwongo ni fupi, watu wakasema. Na Mama, ambaye alikuwa hajala wala kulala, aliapa kwa mtoto aliyemzika kwamba maadamu yeye yu hai, yule mwingine hatakanyaga tena kizingiti chake.

Watu hudhani viapo vya msiba hupoa. Cha Mama hakikupoa. Kaka alipelekwa kwa shangazi, mbali, akakulia huko, akawa seremala. Baba alimtembelea kwa kisingizio cha harusi za mbali. Alipofariki, Kaka alikuja mpaka lango la makaburi, akasimama nje, akarudi. Miaka kumi na tisa ilikuwa imepita, na ndani ya nyumba ile jina lake lilikuwa halijatamkwa kwa sauti.

Sasa Kaka alikuwa na binti wa miezi tisa. Wiki iliyopita alimwandikia Fundi ujumbe: "Mdogo wangu, mwisho wa mwezi tunahamia mbali zaidi, nimepata kazi. Niulizie kwa Mama mara hii moja, amwone mjukuu wake hata kwa saa moja. Akikataa, sitauliza tena." Fundi alimjua kaka yake. Akisema hatauliza tena, hatauliza.

Kwa hiyo hasira za Mama kuhusu mashine zilimfaa. Mpango wake ulikuwa mwepesi: atengeneze ule ubovu, Mama aufikie wimbo anaoutafuta kila siku, ule ambao Baba alimwimbia Kijino akimvalisha viatu, Mama alie, alainike, na hapo, chuma kikiwa bado moto, Fundi alitaje jina la kaka yake.

"Sitaki mwisho wa mkanda," Mama alimwonya. "Nataka wimbo tu. Halafu nazima."

"Utaupata, mama. Nipe nusu saa."

Ubovu wenyewe, Fundi alipoketi nao stoo juu ya ndoo iliyogeuzwa, ulikuwa wake. Programu za seva zipo za bure, zimeandikwa na watu wenye akili timamu. Lakini yeye, kwa kiburi cha fundi, aliandika ya kwake. Simu ya Mama, kila kidole kilipoburuta, iliuliza kwa adabu: naomba faili hili, kuanzia hapa. Programu ya Fundi ilisoma "naomba faili hili" na haikusoma maneno yaliyofuata. Ni sawa na kumwomba mtu akusomee kitabu kuanzia ukurasa wa mia, naye kila mara anakohoa, anafungua jalada, anaanza na jina la kitabu. Alipaswa kujibu kwa namba mia mbili na sita, yaani kipande ulichotaka hiki hapa. Yeye alijibu mia mbili siku zote, yaani chukua chote.

Mistari kumi na miwili ilitosha. Alipoandika ule wa mwisho alicheka peke yake, aibu na furaha pamoja. Akaiwasha seva upya.

"Mama! Tayari! Buruta popote!"

Hapo ndipo alipokosea. Fundi yeyote hujaribu kazi yake kabla ya kumwita mwenye mali. Yeye alimwita kwanza, akajaribu baadaye.

Kutoka chumbani kwa Mama, nyuma ya mlango uliofungwa, ulisikika ukelele wa furaha. "Inaruka! Fundi, inaruka!"

Fundi aliufungua mkanda uleule kwenye kompyuta yake ndogo, ili ajaribu mwanzo, kati na mwisho. Hakuwahi kuutazama. Miezi mitatu alihamisha mikanda sauti ikiwa imezimwa, mashine ikifanya kazi nyuma ya mgongo wake huku yeye akichomelea simu za watu, na huu hasa alikuwa ameukwepa.

Alibonyeza dakika ya arobaini na moja, kwa kubahatisha tu. Na dakika ya arobaini na moja alimwona kaka yake.

Shingo nyembamba, shati kubwa la kurithi. Aliingia sebuleni na chupa ya soda mkononi, ndani yake kitu cheupe kisicho na mapovu. Alitazama meza, akatikisa kichwa. Alivuta kiti, akapanda, akaisukuma chupa juu ya kabati, nyuma ya sufuria kubwa, mpaka mkono ukaingia hadi begani. Akashuka. Akakifuta kiti kwa mkono wa shati, kwa sababu nyumbani kwa Mama kiti hakikanyagwi kikaachwa na vumbi. Akatoka.

Fundi alijikuta amesimama, mikono kichwani. Alirudisha nyuma, akaangalia tena. Akaangalia mara ya tatu. Kaka alisema kweli! Siku ya kwanza na siku ya pili alisema kweli, na nyumba nzima ikamwita mwongo, na ushahidi ulikuwa umekaa kwenye sanduku chini ya kitanda cha Baba miaka kumi na tisa, ukiliwa na vumbi! Alitaka kupiga kelele. Alitaka kukimbia chumbani, amvue Mama miwani, amwambie tazama, mama, tazama ulichomfanyia mtoto wako.

Alifika mlangoni mwa stoo, mkono kwenye kitasa, ndipo swali likamjia. Kama chupa iliwekwa juu, nani aliishusha?

Akarudi, akaketi. Aliburuta hadi dakika ya sitini: viti. Ya tisini: viti, na paka. Ya mia na tano: Baba amepiga magoti, viatu vidogo mkononi, anaimba vibaya sana, na Kijino anamcheka. Fundi hakuweza kuutazama huo. Akasonga. Mia na ishirini, mtu anapita na sahani. Mia na thelathini na nne.

Mwanamke aliingia mbiombio, kilemba kimeteleza sikioni, akivuta kiti kilekile. Alikuwa kijana, mrembo, mwenye haraka ya mtu mwenye wageni arobaini uani na glasi kumi. Alipanda. Trei la glasi lilikuwa juu ya kabati, nyuma kabisa, na mbele yake palikuwa na sufuria na chupa. Sufuria aliisogeza. Chupa aliishika, akakosa pa kuiweka, akainama akaisimamisha sakafuni, kando ya kreti la soda. Akalishusha trei. Uani mtu alimwita. Akaenda, na alipofika mlangoni akageuka nusu, kama mtu aliyekumbuka jambo. Wakamwita tena. Akatoka.

Sebule ilibaki tupu. Feni ilizunguka. Baada ya dakika mbili hivi, mkono mdogo ulionekana kwenye pembe ya picha, ukishikilia ukuta, ukijifunza kutembea.

Fundi aliifunga kompyuta kwa viganja viwili.

Hakulia. Ni Mama. Ni Mama mwenyewe. Mwanamke aliyeapa, aliyefukuza, aliyekaa miaka kumi na tisa bila kulitamka jina la mwanawe wa kwanza, ndiye aliyeishusha chupa kwa mkono wake na kusahau. Wala hakuwa akidanganya. Fundi alimjua, Mama hajui kudanganya hata bei ya nyanya. Alikuwa hakumbuki. Glasi kumi na wageni arobaini vilikuwa vimeifuta ile dakika kichwani mwake, na aliyebaki kuibeba ni Kaka.

Halafu akakumbuka kwamba Mama yuko chumbani na mkanda huohuo.

Alitoka mbio mpaka kwenye mlango wa Mama. "Mama! Wimbo uko dakika ya mia na tano! Mia na tano, ukiisha uzime!"

"Nimeshaupata, nimeusikiliza mara mbili," sauti ya Mama ilijibu, imelowa lakini ina furaha. "Niondokee hapo, niache na mume wangu."

Fundi alirudi stoo. Akampigia kaka yake. Alijua alichotaka kumwambia na hakujua ataanzia wapi.

"Kaka, nimeutazama mkanda wa Kijino."

Kwenye simu ilisikika sauti ya randa ikipita juu ya ubao, kisha ikakoma. "Ndiyo."

"Kamera haikuzimwa. Unaonekana, kaka! Unapanda kiti, unaweka chupa juu ya kabati. Ulisema kweli. Miaka yote hii ulikuwa unasema kweli!"

Alingoja. Alingoja kilio, au kicheko, au tusi. Kaka aliuliza kwa sauti ya chini, "Umeangalia mpaka wapi?"

"Mpaka dakika ya mia na thelathini na nne."

Kwa mbali mtoto alisikika akibwabwaja.

"Futa," Kaka akasema.

"Nini?"

"Futa faili, na mkanda wenyewe uchome. Mama asiuone huo, mdogo wangu. Nakuomba."

"Wewe una wazimu? Umepoteza miaka kumi na tisa! Umesimama nje ya lango la makaburi, baba yako anazikwa! Hiki ndicho kitu pekee duniani kinachoweza kukurudisha nyumbani, halafu unaniambia nifute?"

"Mimi miaka yangu nimeshaipoteza. Yeye ya kwake bado anaiishi. Futa."

"Anautazama sasa hivi," Fundi akasema, na sauti yake mwenyewe ikamtisha.

Mbele yake, kwenye kioo cha seva, lilikuwa wazi daftari la mashine. Programu yake, kwa mabaya yake yote, iliandika kila ombi: simu ipi, na kuanzia megabaiti ya ngapi. Video ile ilikula megabaiti kumi na tano kwa dakika, kwa hiyo hesabu ilikuwa rahisi mno, na Fundi alitamani kwa mara ya kwanza maishani asingejua kugawanya. Mstari wa mwisho wa simu ya Mama ulisema 1,575. Mia na tano. Bado yuko kwenye wimbo.

Mstari mpya ukaandikwa. 1,710.

"Anasogea," Fundi alinong'ona. "Alisema atazima."

"Anamtafuta Kijino," Kaka akasema. "Atakuwa amemwona kwenye wimbo, sasa anamtaka tena."

1,800. Dakika ya mia na ishirini. 1,890. Kidole cha Mama kilikuwa kinatembea polepole kando ya mstari, kinagusa, kinatazama viti, kinagusa tena. Fundi alimwona kana kwamba ukuta haupo, amelala ubavu, miwani imepanda kwenye paji la uso.

2,055.

"Amepita!" Fundi alishika mdomo. "Kaka, ameruka, yuko mia na thelathini na saba, ameipita!" Kisha akaelewa kilichoko dakika ya mia na thelathini na saba. Mtoto sakafuni. Chupa mkononi.

615. Dakika ya arobaini na moja, kwa Kaka, na kidole kikatulia hapo.

1,995.

Dakika ya mia na thelathini na tatu. Mama alikuwa amesogea mbele tena. Kama ambavyo mtu yeyote angefanya, alitaka kuona chupa imefikaje sakafuni.

"Zima!" Kaka akapiga kelele kwenye simu. "Zima umeme, zima chochote!"

Fundi hakuwaza. Alipeleka mkono nyuma ya rafu, akaangusha pasi, akang'oa plagi ukutani. Mashine ikashusha pumzi, taa yake ya kijani ikafa.

"Nimezima. Nimeng'oa."

"Ameona?"

"Hajaona. Alikuwa bado dakika moja. Hajaona, kaka."

Alijiona ameshinda, na ilimchukua muda kukumbuka jambo ambalo huwaeleza wateja wake kila siku. Simu haichoti tone kwa tone. Ukiiomba dakika moja, inachota tano, inazihifadhi, mtandao ukikatika isikuaibishe. Ile plagi aliyoishika mkononi ilikuwa haizuii kitu. Mama alikuwa na dakika zake zote ndani ya simu tangu alipogusa kwa kidole.

Mlango wa chumba ukafunguliwa. Nyayo zikaja taratibu kwenye ukumbi, zikapita jikoni, zikasimama stoo.

Mama hakuwa na miwani. Uso wake ulikuwa mkavu, na hilo ndilo lililomtisha Fundi kuliko machozi. Simu aliishika kifuani kwa mikono miwili, na kutoka ndani yake wageni wa miaka kumi na tisa iliyopita walikuwa bado wanacheka uani, mpaka akiba ikaisha, picha ikaganda, wakanyamaza.

"Yule ni mimi," Mama akasema.

Fundi aliiweka plagi chini.

"Nimetazama mara tatu. Nikasema si mimi, ni mama yenu mdogo, tulikuwa na kilemba cha kufanana. Ni mimi, Fundi. Niliishusha kwa mkono huu." Aliutazama mkono wenyewe, akaugeuza, kama kitu alichookota. "Halafu nikageuka pale mlangoni. Umeniona nikigeuka? Nilikumbuka nini pale? Nilikumbuka nini, nikaenda?"

"Mama, kaa chini."

"Na yule mtoto alifuta kiti." Sauti ikaanza kupasuka. "Nimeona na hilo. Nimerudi mwanzo nimeona na hilo. Alipanda, akaweka, akafuta kiti."

Simu ya Fundi ilikuwa bado wazi, na mtoto akalia ndani yake. Mama akainua kichwa.

"Unaongea na nani?"

Haikuwa siku ya uongo. "Na Kaka."

Miaka kumi na tisa neno hilo lilikuwa halijasemwa mbele ya Mama. Fundi alingoja dari imwangukie. Mama aliunyoosha mkono uleule, akaichukua simu, akaiweka sikioni. Alipumua tu, na upande wa pili mtu mzima, seremala, baba wa mtu, naye akapumua tu.

"Mwanangu," Mama akasema mwisho. "Ni mimi niliyeiweka."

Stoo ilikuwa ndogo na simu ilikuwa na sauti kubwa. Fundi alisikia kila neno.

"Najua, mama."

"Huwezi kujua. Hata mimi nimejua sasa hivi."

"Nilikuwa mlangoni, upande wa ukumbi. Nilikuona ukiishusha. Nikasema moyoni, Mama atairudisha. Wakaniita nikabebe viti, nikaenda." Akambembeleza mtoto kidogo. "Siku zile mbili za mwanzo nilisema kweli kwa sababu niliogopa. Halafu usiku wa pili nikakusikia, ukijipiga kifua, ukisema bora aliyefanya hivi asingezaliwa. Nikasema huyu akijua ni yeye, tutazika wawili. Na mimi nami niliiona nikaiacha, mama. Sikudanganya sana."

Mama aliteremka ukutani polepole mpaka akakaa sakafuni, kati ya pasi iliyoanguka na ndoo za rangi. Fundi alipiga magoti amshike, Mama akamzuia kwa kiganja.

"Ulikuwa na miaka kumi na minne," aliiambia simu.

"Ndiyo, mama."

"Wa mwaka mmoja nilimuua kwa kusahau. Wa miaka kumi na minne nilimuua huku nakumbuka kila siku."

"Mimi niko hai, mama. Nina mtoto. Anakusikia hapa. Ukituruhusu, hata kesho tunaweza kuja, tutasimama hata nje tu, umwone—"

"Usije," Mama akasema.

Kwenye simu Kaka akasema, "Haya, mama," kama mtu aliyeshazoea.

"Usije," Mama akarudia, akijishikilia kwenye rafu, akijiinua, akimsukuma Fundi anayetaka kumsaidia. "Mwenye kosa ndiye anayepiga hodi. Niambie nyumba yako iko wapi, mwanangu, na kama utanifungulia."